Mtoto akiuliza kama mieleka ni ya kweli, usimjibu ‘uongo’

Jumamosi moja jioni, kwenye nyumba ya kupanga maeneo ya Sakina jijini Arusha, godoro la watoto lilikuwa limeburutwa hadi sebuleni. Mama alikuwa nje akichochea mkaa. Baba alikuwa kwenye kochi anasoma ujumbe kwenye simu yake. Watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 6, walikuwa wametazama mieleka kwenye simu ya mama hadi bando likaisha.

Yule mkubwa akauliza, “Baba, hivi wale wanapigana kweli?”

Baba akajibu bila kuinua macho, “Uongo tu, mwanangu. Wanaigiza wale.” Kisha simu yake ikaita, akatoka nje kupokea.

Muda mfupi baadaye mama alisikia kishindo. Anasema vishindo amevizoea, kilichomfanya akimbie ndani ni kimya kilichofuata. Alimkuta mdogo amelala ukingoni mwa godoro, nusu ya mwili ikiwa kwenye saruji, ameshika shingo na hawezi kuigeuza. Kaka yake alikuwa amemnyanyua miguu juu kichwa chini, kama alivyoona kwenye simu, uzito ukamshinda. Alipoulizwa kwa nini amefanya hivyo, alijibu huku analia, “Baba alisema ni uongo. Mimi nikajua haiumi.”

Mtoto alipelekwa hospitali usiku huohuo. Picha zilionyesha mifupa iko salama, ila misuli ya shingo ilikuwa imevutika. Alirudi nyumbani na dawa za maumivu na maelekezo ya kumwangalia kwa karibu.

Familia hiyo ilikuwa na bahati. Lakini jibu la baba, ambalo wazazi wengi hulitoa bila kufikiri, ni nusu ya ukweli tu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomlaza mtoto kwenye saruji.

Alichokiamini baba

Baba huyo, fundi magari mwenye miaka 35, naye aliwahi kuwa mtoto wa mieleka. Alikulia Unga Limited, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa hakosi kwenye kibanda umiza. Watoto walikaa chini mbele, wakubwa kwenye mabenchi nyuma, na kanda ya mieleka ikiwekwa hakuna aliyetoka hata kwenda haja. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994, na nyumba nyingi za mtaani hazikuwa na runinga. Kibanda ndicho kilichokuwa sebule ya mtaa.

“Hatukuwa na wa kutuambia kwamba wanaigiza,” anasema. “Tulibishana shuleni wiki nzima kama Undertaker amefufuka au yule ni mwingine. Kuna waliopigana ngumi kwa ajili ya ubishi huo.”

Enzi hizo kampuni ile ilikuwa inaitwa WWF. Jina hilo kwa watu wa Arusha, mji wa utalii, lilikuwa pia la shirika la kuhifadhi wanyamapori. Mashirika hayo mawili yalifikishana mahakamani nchini Uingereza, wenye wanyama wakashinda, na mwaka 2002 kampuni ya mieleka ikabadili jina kuwa WWE.

Watoto wa kibanda umiza hawakuwa wajinga. Mieleka ya zamani ilijengwa ili iaminike. Kanuni ya kwanza ya kazi ilikuwa kutunza siri: mshindi amepangwa, lakini asijue mtu. Aliyecheza adui ulingoni alibaki adui hata mtaani. Hakutakiwa kuonekana anakula au kusafiri pamoja na steringi.

Siri hiyo ilitunzwa kwa ukali. Mwishoni mwa mwaka 1984, mwandishi wa televisheni wa Marekani, John Stossel, alimwambia mwanamieleka David Schultz kwamba anaona mchezo wao ni wa uongo. Schultz alimpiga kofi sikioni, akaanguka, akainuka, akapigwa la pili. Stossel alieleza baadaye kwamba masikio yaliendelea kumuuma na kuvuma, na akafungua kesi. Mei 1987, polisi wa New Jersey walisimamisha gari moja barabarani na kuwakuta ndani yake Hacksaw Jim Duggan na Iron Sheik, watu ambao mashabiki waliamini ni maadui wa kufa na kuzikana. Kwa kampuni, kosa lilikuwa pamoja na wao kukutwa kwenye gari moja. Wote wawili walifukuzwa kazi.

Mganda wa Mississippi

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni wa Kamala, aliyetangazwa kama “Jitu la Uganda”. Alianza kuitwa hivyo mwaka 1982, miaka mitatu tu baada ya majeshi ya Tanzania kumng’oa Idi Amin. Alipanda ulingoni peku, amepakwa rangi usoni na tumboni, hasemi neno, na mashabiki wakaambiwa aliwahi kuwa mlinzi wa Amin. Mwaka 1992 alipambana na Undertaker katika pambano la jeneza, moja ya kanda ambazo watu wa vibanda vya video hawazisahau.

Kamala hakuwa Mganda. Aliitwa James Harris, mzaliwa wa jimbo la Mississippi nchini Marekani. Uganda ilikuwa vazi la kazi. Watu wa Kampala au Arusha wangemsikia akizungumza nyumbani kwake wangecheka. Lakini Wamarekani wengi hawakuijua Uganda, kwa hiyo walimwamini na kumwogopa.

Kilichokuwa cha kweli kwa Harris ni mwili wake. Aliugua kisukari, mwaka 2011 akakatwa mguu mmoja na mwaka 2012 wa pili, na akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 70. André the Giant, jitu jingine la enzi hizo, hakuhitaji kupakwa rangi ili aaminike. Ukubwa wake ulitokana na ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini, na alifariki Januari 1993 akiwa na miaka 46. Majina na uadui vilitungwa, magonjwa na maumivu hayakutungwa na mtu.

Siri imetoka, hatari imebaki

Mwaka 1989 kampuni ya mieleka yenyewe ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, kwa sababu haikutaka kusimamiwe na kutozwa kama ndondi. Tangu hapo pazia limeendelea kufunguka. Mwaka 2025 WWE ilitoa kipindi cha mfululizo kiitwacho WWE: Unreal, ambacho kinaonyesha waandishi wakiwa mezani wanapanga nani ashinde na hadithi iendeleeje. Kile ambacho Schultz alimpigia mtu kofi mwaka 1984, leo kampuni inakionyesha yenyewe na kulipwa.

Mzazi anaweza kudhani kwamba kwa kuwa siri imetoka, watoto wa leo wako salama kuliko wa kibanda umiza. Sivyo. Mieleka ya zamani ilikwenda polepole: kushikana mikono, kusukumana kwenye kamba, kabali ya muda mrefu, ngumi chache. Mtazamaji aliamini kwa sababu ilifanana na ugomvi wa kweli. Mieleka ya leo haimtegemei mtazamaji anayeamini, bali anayeshangaa. Kwa hiyo wanaruka kutoka juu ya ngazi, wanapinduka hewani na kuangukia mezani. Inafanana na sarakasi kuliko ugomvi, na kwa mtoto wa miaka 9 sarakasi inavutia kuiga.

Simu nayo imeongeza jambo. Kwenye kibanda umiza mtoto alitazama pambano zima, na ndani yake aliona mtu akichechemea, refa akiita waganga, mtu akibebwa. Siku hizi anatazama vipande vya sekunde 30: mtu ananyanyuliwa, anabwagwa, kelele, kipande kingine. Kilichotokea baada ya kubwagwa hakionekani.

Hata mieleka ya majirani zetu inafika kwa njia hiyo. Vijana wa Soft Ground Wrestling wa Mukono, Uganda, wamejulikana duniani kwa video za mieleka wanayocheza kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa nguzo za mianzi. Jina lenyewe linaeleza busara yao: ardhi ni laini. Mtoto wa Arusha anayeiga mchezo huo kwenye uwanja wa changarawe au sebule ya vigae ameiga mruko, hajaiga udongo.

Ulingo wa WWE nao una siri zake. Chini ya turubai kuna tabaka jembamba la sponji, mbao, kisha vyuma vinavyonepa kidogo mtu anapoanguka. Anayeanguka amefundishwa kubana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, kutua kwa mgongo mpana na kupiga mikono chini ili nguvu isambae. Anayembwaga mwenzake ndiye anayembeba: mikono yake inalinda kichwa cha yule anayeonekana kuteswa. Ni kazi ya watu wawili wanaosaidiana huku wakijifanya wanauana.

Na hata kwa mabingwa, mambo huharibika. Agosti 1997, Owen Hart alimgeuza Stone Cold Steve Austin kichwa chini na kukaa naye chini, pigo ambalo wote wawili walilijua. Safari hiyo kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka mno. Shingo ikaumia, na kwa muda akashindwa kusogeza mikono na miguu. Hart alizungukazunguka ulingoni kuvuta muda. Austin alipopata nguvu kidogo alitambaa, akamkunja mwenzake kwa shida, na refa akahesabu tatu. Akatangazwa mshindi, kama ilivyopangwa. Mwaka 2003 aliacha kupigana kwa sababu ya majeraha.

Pambano hilo moja linatosha kumjibu mtoto. Ushindi ulikuwa wa kupangwa na shingo ilikuwa ya kweli. WWE yenyewe imejifunza: pigo la aina ile sasa haliruhusiwi kirahisi, na tangu mwaka 2010 imepiga marufuku kumpiga mtu kiti kichwani.

Neno ‘uongo’ linavyosikika kwa mtoto

Mtu mzima akisema “uongo”, ana maana ya matokeo. Mtoto anasikia jambo jingine. Kwake, kitu cha uongo ni kama bastola ya plastiki: hakina madhara. Kwenye filamu, anayekufa leo anaonekana kwenye filamu nyingine wiki ijayo, kwa hiyo mtoto anajifunza kwamba cha kuigiza hakiumi.

Umri nao una nafasi yake. Watoto walio chini ya miaka 7 au 8 bado wanapata shida kutenganisha wanachokiona kwenye skrini na maisha halisi. Huyo anaweza kuamini kwamba mtu akibwagwa anainuka tu na kuendelea. Mtoto mkubwa kidogo anaelewa kwamba ni maigizo, na hapo ndipo jibu la “uongo” linapomponza, kwa sababu linamwondolea woga bila kumpa ujuzi.

Mwili wake pia ni tofauti. Kichwa cha mtoto ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo bado haijakomaa. Akibwagwa, mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia. Akiangukia mkono au bega, anaweza kuvunja mfupa wa mkono au mtulinga. Na kabali, ambayo kwenye simu inaonekana ya kawaida kabisa, inaweza kuzuia damu kufika kwenye ubongo na kumpotezea mtoto fahamu ndani ya sekunde chache.

Jibu lililo bora ni fupi na mtoto yeyote anaweza kulishika: “Kushinda kumepangwa, kuumia ni kweli.” Ukimwambia hivyo, umemweleza siri yote mbili.

Kanuni za babu

Kuzuia kabisa hakusaidii sana. Watoto wa kiume, na wa kike pia, hushikana na kubiringishana tangu zamani, na mchezo wa aina hiyo una faida: unawafundisha kupima nguvu zao na kujizuia.

Babu mzaa mama wa watoto wale wa Sakina anaishi upande wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Alipokuja kumwona mjukuu hakugomba. Aliwasimulia kwamba walipokuwa wanachunga, nao walipigana mieleka kwenye majani.

“Sisi mgongo ukigusa majani, mchezo umekwisha,” aliwaambia. “Ukimwendea mwenzio akiwa chini, wakubwa wanakuchapa. Na shingo hatushiki. Shingo ni ya ng’ombe wa kuchinjwa.”

Wajukuu walicheka, lakini kanuni hizo za babu hazina tofauti kubwa na ambazo mtaalamu wa afya angempa mzazi:

Kwanza, kichwa na shingo haviguswi. Hakuna kabali, hakuna kumshika mtu kichwa.

Pili, hakuna kumnyanyua mwenzako miguu ikaacha chini, na hakuna kumrukia kutoka kwenye kochi, kitanda au ukuta.

Tatu, neno “basi” linaheshimiwa hapohapo, hata kama limesemwa na mdogo kuliko wote.

Nne, wanaocheza walingane kwa umri na uzito, chini pawe laini, na mtu mzima awe karibu.

La tano ni la mzazi mwenyewe: kaa utazame naye mara moja moja. Mwonyeshe jinsi anayeanguka anavyobana kidevu, na jinsi mwenzake anavyomshikilia. Ukimfungulia macho hivyo, ataanza kutazama kazi badala ya ugomvi.

Akiumia, usimkande

Mtoto akianguka kwa kichwa au shingo na akalalamika maumivu ya shingo, ganzi, au kushindwa kusogeza mkono au mguu, asinyanyuliwe wala kukalishwa. Mwache alale alivyo, mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisicheze, mwingine atafute msaada. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa na mgongo vikiwa kwenye mstari mmoja.

Asipelekwe hospitali kwa bodaboda. Anahitaji gari na kitu kigumu cha kumlaza, hata kama ni ubao. Na asipelekwe kwa mkandaji “kunyooshwa”. Shingo iliyovunjika ikinyooshwa inaweza kukata mishipa ya fahamu iliyokuwa bado mizima.

Kama amegonga kichwa na anaonekana mzima, mwangalie kwa karibu kwa siku mbili. Mwahishe kituo cha afya akionyesha lolote kati ya haya: kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida au kuwa mgumu kuamka, kuchanganyikiwa, degedege, mboni za macho kutolingana, au damu na majimaji kutoka puani au masikioni. Mtoto asifichwe kwa kuogopa kuulizwa ilikuwaje. Ukimwambia daktari “walikuwa wanacheza mieleka”, unamsaidia kujua aangalie wapi kwanza.

Mdogo wa Sakina amepona na amerudi shuleni. Godoro limerudi chumbani. Jumamosi iliyopita baba alikaa na kijana wake mkubwa, simu moja kati yao, wakatazama pambano moja hadi mwisho.

“Baba, huyu amebana kidevu,” mtoto alisema. Kisha akauliza tena swali lake, “Ila ameumia kweli?”

Safari hii baba aliweka chini simu. “Kushinda kumepangwa. Kuumia, anaumia.”

Mtoto alifikiri kidogo. “Na Undertaker alifufuka kweli?”

“Hilo,” baba alisema, “nilibishana nalo darasa zima la nne.”